Wimbo Uliopanda Mto

Mtoto alikuwa anaota meno, na usiku wa Julai upande wa Kangema hauna huruma na mtu anayezunguka sebuleni bila soksi. Mama yake, mpwa wangu, alikuwa amekesha siku mbili. Nilimwambia akalale, mtoto aniachie. Nikamfunga mgongoni kwa leso, nikaanza safari ile ya kila mlezi: mlangoni, dirishani, mlangoni tena. Niliimba nyimbo za cucu, bibi yangu, nilizozikumbuka, zikaisha. Nyingine mahadhi yake ninayo lakini maneno yalishazikwa naye. Kinywa kilipokosa la kuimba kikaokota wimbo ambao mtu aliyesoma shule ya msingi Kenya hawezi kuusahau hata akitaka. Nikauvuta polepole kwa mwendo wa hatua zangu, midomo imefungwa, bila neno hata moja. Mtoto akalala kabla sijafika ubeti wa pili.

Ikawa heri, maana ubeti wa pili unaanza kwa kuwaamsha watu.

Asubuhi mpwa wangu alinikuta jikoni nikikoroga uji.

"Tata, jana ulikuwa unamwimbia mtoto wimbo wa taifa?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaendelea kulala! Si ningesimama?"

Nilimwambia hajavunja sheria yoyote. Kabla wimbo ule haujawa wa kuwasimamisha watu ulikuwa wa kuwalaza, na jana ulikuwa umerudia kazi yake ya kwanza.

Mahadhi ya wimbo wa taifa la Kenya yametoka katika bembelezi ya Wapokomo, wakulima na wavuvi wa kingo za mto Tana. Mwaka 1963, nchi ikijiandaa kwa uhuru, kazi ya kutunga wimbo ilikabidhiwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Aliyewapa mahadhi ni Mpokomo, Meza Moroa Galana. Septemba mwaka huo wimbo ulikuwa tayari, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba bendera ilipopandishwa Nairobi ndio ulioimbwa. Majina ya wale watano utayakuta vitabuni bila shida. Jina la Galana watu wengi huku kwetu hawajawahi kulisikia, na mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipolisikia mara ya kwanza.

Waangalie wale watano vizuri, maana wasomaji wa Kiswahili wana deni kubwa kwao kuliko wanavyodhani. Hyslop ni Mwingereza yuleyule aliyeandika tamthilia za *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*, zile za miaka ya hamsini ambazo wazee wetu walizisoma shuleni. Alikuwa mtu wa muziki na mtu wa Kiswahili kwa pamoja. Senoga-Zake alizaliwa Uganda, akaifanya Kenya kuwa kwao, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya muziki wa jadi wa Kenya. Omondi aliishia kuwa profesa wa muziki. Kalume alikuwa kasisi kutoka pwani. Hawakuwa watu wa kuokota wimbo wowote tu na kuuvalisha kofia ya bendi.

Bembelezi yenyewe inasema nini? Inatisha. Mlezi anamwita mnyama, fisi, aje amle mtoto wao anayelia. Aliyesoma fasihi simulizi kwa ajili ya mtihani atakumbuka zile sifa tulizokariri: bembelezi huwa fupi, hurudiarudia, huahidi zawadi na wakati mwingine hutisha. Tulizikariri kama orodha ya bidhaa za duka. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba mfano bora wa ile sifa ya kutisha tulikuwa tumeuimba asubuhi hiyohiyo uwanjani, mikono imenyooka ubavuni, bila kujua kuna fisi chini yake.

Hapo ndipo ninapoanza kuwavulia kofia mafundi wale. Wimbo wa Kipokomo unaanza kwa mwito: sauti inarefushwa, inamwita mnyama kutoka gizani. Wimbo wa taifa nao unaanza kwa mwito, irabu ileile ndefu, lakini anayeitwa ni Mungu. Aliyeitwa aje kutafuna sasa anaitwa aje kubariki, na mahadhi hayakuhitaji kubadilika, kwa sababu sauti ya mtu anayeita usiku ni moja, amwite fisi au amwite Mola.

Tazama kisha ubeti wa kwanza kwa jicho la mtu wa ushairi. Una mistari sita, inayokwenda mitatu mitatu. Mstari wa kwanza na wa pili ina mizani nane nane, wa tatu unajinyoosha hadi kumi. Mistari miwili ya kwanza inaishia kwa irabu *u*, wa tatu kwa *i*. Kisha tena: *u*, *u*, *i*. Jaribu kuitamka *u* huku umembeba mtoto. Midomo inakusanyika kama unapuliza uji upoe. Ni sauti ya kubembeleza kuliko zote tulizo nazo, na Kiswahili, kwa bahati njema, kimeijaza mwishoni mwa maneno yetu ya kumiliki na ya kupendana. Mara mbili midomo inafungwa, ya tatu inafunguka kwa *i*, kama mtu anayempandisha mtoto juu kidogo mgongoni ili asiteleze. Sijui kama walikaa mezani wakahesabu. Mtu aliyezoea kuimba hahesabu, sikio humwambia.

Beti mbili zinazofuata hazishiki utaratibu huo. Wa pili una shughuli ya kuamsha na kulinda nchi, wa tatu una ujenzi wa taifa na kushikana mikono kazini, na vina vyake vinakwenda vinavyotaka. Nakiri kwamba kwangu mimi ufundi uko ubeti wa kwanza. Yale mengine ni mazuri kwa gwaride.

Jambo la pili walilolifanya ni kuliacha lile giza lilivyokuwa. Ukiusikiliza wimbo wetu baada ya nyimbo za mataifa mengine, zile zenye tarumbeta za kushambulia ngome, utaona wa kwetu umekaa katika kile wanamuziki wanachokiita maina, ile rangi ya jioni, karibu na huzuni lakini si huzuni. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba nchi huru ilistahili wimbo wa furaha zaidi. Waliotaka hivyo hawajawahi kumbeba mtoto mgonjwa saa nane za usiku. Anayebembeleza hana furaha wala huzuni. Ana subira, na subira ina mahadhi yake. Mafundi wa 1963 wangeweza kuyachangamsha, kuyatia ngazi tatu za kupanda mwishoni ili watu wapige makofi. Walijizuia, na kazi ya kujizuia haionekani kwa macho.

Sasa niseme kwa nini mtu wa Murang'a ajishughulishe na wimbo wa Wapokomo.

Chini ya boma letu kuna Mathioya. Maji yake yanatoka msitu wa Nyandarua, yanashuka kati ya migongo ya chai, yanapita mji wa Murang'a, uliokuwa ukiitwa Fort Hall enzi za ukoloni, na kuingia Sagana. Maragua nayo inaenda hukohuko, na Gura inayoshuka kwa kasi kutoka upande wa Nyeri, na Thika, na vijito vya Mlima Kenya vyenyewe. Wazee wetu wanaita mto huo Thagana. Ukielekea mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unaitwa Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi. Huko chini, kabla ya bahari, ndiko Wapokomo wanakolima migomba, miembe na mpunga katika udongo unaoachwa na mafuriko. Udongo huo ni wa nani? Mvua kubwa za Aprili zikija hapa Kangema unaona Mathioya imegeuka rangi ya matofali. Ni mashamba yetu hayo yanasafiri. Migomba ya kule imelishwa na ardhi ya huku kwa vizazi na vizazi, bila sisi kuombwa ruhusa.

Mto ukateremsha udongo, na mwaka 1963 wimbo ukapanda. Ndivyo ninavyopenda kuliwaza jambo hili. Siku hizi kuna bei nyingine juu ya maji hayo. Handaki la kilomita 11.8 limechimbwa huku kwetu ili sehemu ya maji ya Maragua, Gikigie na Irati ielekezwe bwawa la Ndakaini na kunywewa Nairobi, na mabishano yake yalifika hadi kwa watu wa chini ya mto, ambao wana haki ya kuuliza ni nini kitakachobaki. Lakini hilo ni la waandishi wengine, mimi nimeshika wimbo.

Watu wa huku walikuwa tayari kuupokea. Kubadilisha maneno na kuacha mahadhi ni ufundi ambao Murang'a na Nyeri waliujua kwa uchungu. Katika miaka ya arobaini na mwanzoni mwa hamsini, watu walichukua mahadhi ya nyimbo za kanisa wakayatia maneno ya ardhi na uhuru. Ofisa aliyepita njiani alidhani anasikia ibada. Mahadhi ni kama kikapu, kinabeba viazi leo na kesho kinabeba risasi. Kwa hiyo kizazi cha cucu yangu kilipoambiwa kwamba wimbo mpya wa nchi umetoka kwa akina mama wa mbali wanaobembeleza watoto, sidhani kama kilishangaa. Kilichowasumbua ni Kiswahili chake. Kwetu milimani herufi *l* na *r* ni mapacha wasiotenganishwa, kwa hiyo shule nzima ilimlilia Mungu atupe *mrinzi*. Mimi mwenyewe hadi darasa la tatu nilidhani Ustawi ni jina la mji, mahali fulani kupita Sagana, ambako tukifika tutapata raha.

Na Kipokomo chenyewe hakiko mbali na Kiswahili. Ni ndugu wa tumbo moja katika lugha za pwani, pamoja na za Wamijikenda. Mswahili akiisikia ile bembelezi atashika mwana, atashika kulia, atashika kula, kisha atainua kichwa na kuuliza: amle nani?

Hapa kwetu bembelezi zina mbinu yake tofauti, na ni ya majina. Mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la mama mzaa baba, wa pili jina la mama mzaa mama. Yule niliyembeba ni wa pili. Jina lake ni la dada yangu, yaani la mama wa mama yake. Basi mpwa wangu anapombembeleza hamwambii "nyamaza mtoto". Anamwambia "nyamaza maitu", nyamaza mama. Mama anamsihi mama yake asilie. Na mimi, nikimpokea, nambembeleza dada yangu mkubwa, ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa na umri huo. Mpokomo anatumia fisi na Mgikuyu anatumia heshima. Hujui ipi inafanya kazi haraka zaidi mpaka ufike saa tisa za usiku.

Nikirudi kwa rekodi, nimezisikiliza nyingi mwaka huu, kwa sababu mtu akishaisikia bembelezi ndani ya wimbo hawezi tena kuacha kuitafuta. Nina kipimo kimoja tu: je, mtoto angelala?

Bendi za shaba za polisi na za jeshi zinaanza kwa ngoma inayovingirika, na hapo tayari mtoto ameamka. Siwalaumu. Kazi yao ni uwanja wenye upepo na watu elfu, na shaba ndiyo inayofika mbali. Lakini sikiliza wanavyofanya mwisho wa mistari. Bendi nzuri inaacha noti ya mwisho ikae kidogo, inapumua, ndipo inaingia mstari unaofuata. Bendi mbovu inakimbilia, kana kwamba mgeni rasmi ana ndege ya kuwahi. Kupumua kule kati ya mstari wa tatu na wa nne ndiko mlezi anakogeuka dirishani na kurudi mlangoni. Ukikata pumzi hiyo umempiga mtoto ukutani.

Okestra ya Redio ya Slovakia, chini ya Peter Breiner, ilirekodi nyimbo za mataifa ya dunia kwa ajili ya santuri za Marco Polo, na wetu umo. Nikiusikiliza napata picha ya watu waliovaa suti nyeusi wakisoma kwa makini barua ya mtu wasiyemjua. Kila kitu kiko mahali pake. Hakuna aliyekosea. Mtoto angewatazama tu.

Ile ya London ndiyo iliyonishangaza. Kwa michezo ya Olimpiki ya 2012, Philip Sheppard alipanga upya nyimbo 205 za mataifa, na London Philharmonic Orchestra ikazirekodi katika studio za Abbey Road. Fikiria kazi hiyo: nyimbo 205, kila moja imebeba taifa zima mabegani, na kila moja ina dakika moja hivi ya kujieleza. Tarehe 9 Agosti David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia, na alipopanda jukwaani ni rekodi hiyo ya Abbey Road iliyochezwa. Nyuzi zinabeba mahadhi. Na uta wa fidla, kama mkono wa mlezi, hauna lazima ya kuanza kwa kishindo. Nilikuwa nimeiona ile sherehe mara kumi kabla sijaisikia. Sasa nikiiona namwona Rudisha, mrefu kama mlingoti, akibembelezwa mbele ya watu elfu themanini.

Watu wa Nyeri watanikumbusha Catherine Ndereba, wetu, bingwa wa dunia wa marathoni Paris mwaka 2003 na Osaka 2007. Yeye alisimama mara mbili kuusikia wimbo huu ugenini, baada ya kilomita arobaini na mbili za miguu. Kama kuna mtu aliyestahili kuimbiwa alale, ni yule.

Waimbaji wa peke yao, wale wanaoitwa kufungua mechi na mikutano, wengi wao wananiudhi. Wanaupamba. Kila irabu inapanda ngazi na kushuka kabla ya kufika. Wanaona wimbo ni mtupu, unahitaji vito, na hawaoni kwamba utupu huo ndio wale watano walioutunza. Mlezi hajipambi sauti gizani, nani anamsikiliza? Msikilizaji wake akisinzia amefaulu. Hakuna fani nyingine ya muziki ambayo shangwe yake ni hadhira kuacha kusikia.

Kama ningeombwa nichague msanii wa kuurekodi upya, ningemchagua kijana mmoja mwenye damu ya hapa. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema wa mwaka 1939, alikuwa gwiji wa muziki wa Kikuyu hadi alipofariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vilevile kama desturi inavyotaka, anajulikana duniani kama KMRU. Amekuwa akizitoa tena rekodi za guka wake, na yeye mwenyewe, akiwa Berlin, anatengeneza muziki wa utulivu kutokana na sauti anazorekodi mahali alipo: mvua, nyaya, barabara, chumba. Huyo ningempeleka kwanza Mathioya arekodi maji, kisha ashuke nayo mpaka wanakoishi Wapokomo, akae kimya, angoje mtoto alie.

Lakini rekodi ninayoipenda kuliko zote haipo popote. Ni ile ya shule za msingi Jumatatu na Ijumaa asubuhi, bila ala yoyote, skauti wawili wakipambana na kamba ya bendera iliyolowa ukungu. Watoto mia tatu hawawezi kwenda mbio pamoja. Hata mwalimu akipiga mkono haraka namna gani, wingi wao unavuta nyuma, na wimbo unarudi kwenye mwendo wake wa asili. Katiba ya 2010 imeuweka katika kifungu cha 9 na maneno yake katika jedwali la pili, na naona ni jambo la kuchekesha na kupendeza kwamba sheria kuu ya nchi imehifadhi bembelezi. Lakini mwendo wake hakuna karatasi inayoweza kuuhifadhi. Huo unahifadhiwa na watoto wenyewe, kwa kutoelewana.

Ijumaa ile, kabla sijarudi Nairobi, nilimchukua dada yangu, yaani yule mtoto, mgongoni tukaenda dukani kutafuta dawa ya ufizi. Tulipofika langoni mwa shule wimbo ukaanza. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la majani ya ng'ombe alisimama, akaivua kofia. Nami nikasimama, wima, kama nilivyofundishwa. Kumbe mtoto, baada ya usiku nne, alikuwa ameshaujua wimbo huo kwa njia yake. Kwake mahadhi yale yanakuja na mwendo. Alipoona yamekuja na mimi nimesimama kama nguzo, alianza kunung'unika, kisha akanipiga teke la mbavu.

Mwalimu wa zamu alikuwa akitutazama kutoka ndani ya uzio. Nikaweka mikono ubavuni, nikainua kichwa, nikatazama bendera. Na magoti, taratibu, nikayaacha yaanze kukunja na kukunjua.